Hasira ya Sabra Niliyoipigia Hesabu ya Moto

Jumatatu, 14 Julai
Aibu! Nilimwahidi mama mkwe kumpeleka kliniki ya macho kwa pikipiki yangu, saa mbili asubuhi. Nikanogewa na bao, nikakumbuka saa sita. Bi Mwanasiti, miaka sabini na moja, alikwenda kwa miguu, akarudi akipapasa kuta za watu. Mke wangu Sabra hanisemeshi. Nimefikiri kifalsafa. Hasira ni moto. Moto usipochochewa huzimika wenyewe. Basi kuomba radhi ni kutia kuni! Nimenyamaza.

Jumanne, 15 Julai
Nimemweleza jirani yangu Tadeo, mwalimu wa sekondari. Akasema mfano ni wa kuangazia jambo, si wa kuliamulia. Tukiita hasira moto, tusianze kutafuta kuni. Sabra ni mtu, anangoja neno. Tadeo ana wivu tu. Nimemwaga chai yake kwa bahati mbaya. Karibu bahati mbaya.

Jumatano, 16 Julai
Moto hufa upesi ukikosa hewa. Nimekuja Ushongo kwa binamu yangu Miraji. Sikuaga, kuaga ni kupuliza. Nimekula pweza.

Ijumaa, 18 Julai
Nimerudi nyumbani Chumbageni kuangalia majivu. Mlango una kufuli. Sabra yuko kwa mama yake, anamtia dawa ya macho. Nikaenda. Nikatoa shikamoo, Bi Mwanasiti akaitika marahaba. Macho yana ukungu wa dawa, hakunitambua. Alinidhania mjumbe wa msikitini. Akanikaribisha uji, akaniomba nikimwona mkwewe Uweso, yaani mimi, nimwambie asiogope kuja. Lazima alipatwa na jambo zito siku ile, akasema, maana Uweso si mtu wa kumtupa mzee njiani.

Sabra alisimama mlangoni, akinitazama.

"Sema," akaniambia.

Nikasema nitamfikishia Uweso salamu. Nikatoka. Uji niliumaliza kwanza, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 19 Julai
Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi. Tadeo alisema kweli: hasira si moto. Nimejidanganya siku tano nzima, kwa mfano mbovu!

Hasira ni mkungu wa ndizi mbichi. Huvundikwa gizani, ukaiva wenyewe. Ukifunuafunua, unauharibu. Wazi kabisa! Wiki mbili zitatosha.

Simu inaita. Ni Sabra. Inaita mara ya tatu sasa.

Siigusi.