Jinsi Kak Salmiah Alivyoivua Nishani ya Datuk

Sogeeni, enyi mliovuja jasho chini ya magari ya wenzenu, tegeni masikio niwape habari za Salmiah binti Jamaluddin, tuliyemwita Kak, yaani dada, simba jike wa gereji za Klang kule Malaysia, mwenye kucha nyeusi kwa oili, aliyesimama kwenye uwanja wa mbio za magari wa Sepang, jua la saa sita likiyeyusha lami, akapigana vita vya skrubu mbili.

Adui alikuwa joto. Gari la mbio la Datuk Baharum lilizunguka mara tatu tu, na sindano ya joto la oili ikaparamia ngome ya nyuzi mia moja arobaini na nane. Oili ikawa nyepesi kama maji, injini ikaguna kama mgonjwa. Nasi hatujasahau: mwaka juzi injini ilikufa, akafukuzwa fundi Murugan, mwaka jana ikafa, akafukuzwa fundi Ah Seng. Safari hii shingo ilikuwa ya Salmiah.

Akapiga goti mbele ya bampa, akamwona msaliti: nishani pana kama sahani, ya udatuk, cheo cha heshima kitolewacho ikulu, imefungwa juu ya tundu la upepo, na kipoza oili nyuma yake kinakosa pumzi.

"Datuk," akanguruma, "nishani yako imeziba pua ya gari. Niitoe?"

"We Salmiah, una wazimu? Hiyo nilivishwa ikulu! Watu watajuaje ni mimi?"

"Watakujua kwa moshi."

"Kak Sal, nyamaza, utatuponza!" fundi mmoja akanong'ona.

Datuk akavimba. "Bila heshima yangu siendeshi!"

"Heshima haiendi popote, Datuk. Tutailaza kwenye sinia, juu ya kitambaa cha njano, kivulini. Kila ukipita, tunaipigia saluti."

Datuk akakuna kidevu. "Nyote?"

"Hadi mpika chai."

Ndipo shujaa akauchomoa upanga wake, bisibisi ya mpini mwekundu. Skrubu ya kwanza ikasalimu amri. Ya pili, yenye kutu, ikapigana dakika kumi na kumwaga damu ya kidole gumba, kisha nayo ikaanguka.

Gari likanguruma mizunguko kumi, watu wazima wanane wakilipigia saluti sinia, na sindano ikarudi nyuma hadi mia moja na kumi na mbili.

Datuk akashuka kifua mbele. "Mmeona? Nishani ikipumzika kivulini, injini inapoa!"

"Kweli kabisa, Datuk. Basi isiguse jua tena."

Wakubwa wataandika kwamba nishani ndiyo iliyopoza gari. Sisi tunaandika hivi: mwaka ule, hakufukuzwa mtu.