Jina ya Mathe mu Réseau

Lundi, tarehe 10 mwezi wa sita. Butembo, Mususa.

Benoît amenikatalia tena! Huyu Benoît njo anachunga réseau, mutandao ya kompyuta ya home yetu ya banafunzi, na anaichunga sawa mulango ya mbinguni. Nimemuletea machine yangu, kompyuta, aiandike mule, nimeipanguza vumbi hata. Ameniambia fasi zimejaa, benzako bote balileta machine ku mwanzo ya mwaka, weye ulikuwa wapi? Nilikuwa nalala, mais ile sikumuambia.

Sasa TFC yangu, kazi ya mwisho ya masomo, inapashwa kuingia ku site ya institut mbele ya dimanche tarehe 16 jioni. Site inafunguka ku réseau ya home tu. Isipoingia, hakuna défense, kuitetea mbele ya balimu, mwaka yote ni bure. Na mama huko Kalunguta ameisha kutangazia parokia muzima kama mutoto wake Josaphat anamaliza. Ameisha kushonesha hata kikwembe!

Elikia wa chambre ya pembeni, baba yake ni mukubwa wa serikali aliyetumwa huku toka Mbandaka, yeye fasi alipata. Anaangalia ballon, mupira ya miguu, ku machine, sauti mpaka inatetemesha ukuta. Amekuya kuniambia ndeko, ndugu, nipe clé USB, nitakutumia TFC yako ku site na machine yangu, ni dakika tu. Yeye anitumie mimi? Halafu aitangaze mu home yote? Aka! Nimemuambia sina shida.

Mardi, tarehe 11.

Akili yangu inatumika hata mu usingizi. Nimeamuka na plan.

Mu chambre yangu kuko bitanda mbili. Ya pili ni ya Mathe. Mathe alienda ku shamba ya kwabo, ku Eringeti, kule batu banauawaka mu mashamba, mbele ya Noeli, na machine yake mu sakoshi, na hakurudi. Hakuna mutu aliona mwili. Kwa hiyo hakuna matanga ililaliwa, na mu home hakuna mwenye anatubutu kusema marehemu. Tunasema tu Mathe alienda. Godoro iko vile aliiacha, hakuna mutu anakaa pale. Na machine yake ingali imeandikwa mu réseau. Benoît alikataa kuifuta: alisema kufuta jina ya mutu ni kumuzika, na yeye hapana padri.

Donc fasi moja iko wazi! Woga ya batu njo inailinda.

Numero ya machine ya Mathe, ile réseau inaitambuliaka, iko ku etiketi, juu ya kitanda yake. Nimepanda na goti, nimeinakili, nimeipa machine yangu. Jina nayo: Mathe. Nimechomeka câble yake. Point ya vert, kijani, ikawaka mara moja. Josaphat, weye ni mutu!

Kitu kimoja kidogo. Godoro, pale nilitia goti, ilikuwa na moto, sawa mutu ametoka kuamuka. Jua ya dirisha bila shaka. Lakini nimekumbuka sasa: leo ukungu haikutoka, jua hatukuiona.

Mercredi, tarehe 12.

Nilisahau écran, kioo ya ku ukuta mu salle ya bote. Écran kubwa, inaonyesha kila mutu ambaye yuko connecté. Asubui batu balikuwa banakunywa chai pale. Jina ya Mathe, vert. Benoît aliangusha kikombe. Batoto ba première, ba mwaka ya kwanza, balikimbilia inje miguu tupu.

Message zikaanza kunyesha ku machine yangu. Mathe, ni weye? Mathe, uko wapi? Nilizifunga moja moja. Ila Elikia akafungua ballon yake. Nikashindwa kujizuia. Nikamuandikia: Elikia, punguza sauti. Ile njo Mathe alikuwa anamuambiaka kila siku.

Sauti ilikatika pale pale. Kisha nikasikia anaomba rozari kwa Lingala. Nilicheka mpaka nikauma shuka.

TFC ilianza kupanda vizuri. Ilifika katikati, courant, umeme ya home yote, ikakatika. Ayi!

Jeudi, tarehe 13.

Mambo imeharibika. Elikia, mudomo yake haikai, alipigia simu familia ya Mathe. Leo dada yake, Jokébed, amefika toka Beni na pikipiki, nguo yote matope. Alileta kitunga na biazi ya kupika, na triko ya baridi, mupya. Ameniuliza, weye unalala naye chambre moja, umemuona? Nimesema hapana. Ile haikuwa uongo, nafikiri.

Amenieleza kama familia balikuwa bamekubali kufanya matanga dimanche hii, bila mwili, juu mama yake hawezi tena kungoja. Sasa bamesimamisha. Mama amerudisha sahani ya Mathe mu meza.

Niliona haya, naandika kweli. Nilitaka kumuambia. Nikamuambia tu chai iko mu salle.

Benoît akamukalisha mbele ya machine ya salle, ile ya message, aandikie kaka yake. Nikakimbilia chambre. Message yake ikafika ku machine yangu: Mathe, mama anauliza kama uko na baridi.

Sikujibu. Nikavuta câble, nikazima machine, nikaitia chini ya kitanda. Nikajiambia imeisha, ataona jina imezimika, atalia, atarudi Beni, balale matanga yao.

Nikasikia makelele mu salle. Nikaenda. Bote balikuwa bamesimama mbele ya écran. Mathe alikuwa vert. Na alikuwa amejibu: Baridi ni mingi. Aksanti ku triko.

Jokébed hakuwa ameandika kitu juu ya triko. Ilikuwa ingali mu kitunga. Na câble, niliiona ku mukono yangu, nilisahau kuiacha chambre.

Vendredi, tarehe 14.

Jokébed alitandika triko ku godoro ya Mathe, akarudi Beni anaimba. Anaimba! Asubui hii triko imelowa umande, na ku mikono kuko udongo ya shamba. Panya, nafikiri. Panya ya Butembo ni ya ajabu.

Benoît alizima machine zote za home, moja moja, alitembea kila chambre. Jina ya Mathe haikuzimika. Ametangaza kama mwenye alianza mchezo hii atafukuzwa. Nilikuwa wa kwanza kusema ni vizuri afukuzwe.

Elikia amenifuata tena mu couloir, inje ya chambre yangu. Uso yake imekuwa majivu, halali tena. Amesema Josaphat, nipe tu ile clé, usipoteze mwaka bure. Amesema na roho muzuri, nakubali. Mais nitaonekana aje?

Samedi, tarehe 15.

Plan mupya! Najishangaa kwa nini sikuiwaza mbele.

Fasi mu réseau ni ya Mathe. Mathe yuko connecté, hata bila courant. Na Mathe alikuwa mwenzangu, tulikulaka sahani moja. Nimeenda ku machine ya salle, nimemuandikia na heshima: ndugu yangu, niko na TFC, ni nzito kidogo, unaweza kunitumia ku site mbele ya kesho jioni? Huku Benoît anasema fasi zimejaa.

Jibu imefika mbele nitoe kidole: Kuya nayo. Huku fasi iko.

Munaona? Mutu muzuri! Hakuuliza hata numero yangu ya matricule, ya mwanafunzi.

Kila motard wa pikipiki anakataa barabara ya Eringeti. Moja tu amekubali kunifikisha Beni, na toka pale nitatembea na miguu. Elikia amesimama ku mulango, amenyoosha mukono nimupe clé USB, machozi mu macho, ananiomba nisiende. Ananionea wivu, ile ni wazi.

Clé iko mu mufuko. Asubui hii ni baridi ya kukata mifupa, na triko ya Mathe ilikuwa pale tu, ku godoro. Nimeivaa. Inanienea sawa ilishonwa yangu.