Kete Nyekundu ni za Mkubwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Ijulikane kwa wote wanaohusika, na hata wasiohusika: nafasi ya mpinzani wangu wa janggi, sataranji ya kwetu, iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi ya leo. Tangazo nimelibandika kwenye nguzo ya duka la Mama Eunbi. Mwandiko safi. Anatafutwa mtu wa kucheza naye ana kwa ana, hapa barazani. Awe mstaarabu. Awe mdogo kwangu.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kete nyekundu hushikwa na mkubwa. Za kijani ni za mdogo, naye ndiye anayeanza. Kanuni hii sikuitunga mimi. Mimi naitunza tu.

Bwana Ma alishika kijani miaka kumi na mmoja bila neno. Siku alipotimiza sitini na tisa akaomba nyekundu, mara moja tu, iwe zawadi. Nikamwambia kanuni haina sikukuu. Wiki iliyofuata akaniaga, anahamia mji wa Daegu kwa mwanawe. Goti, alisema. Masikini.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwona Bwana Ma sokoni akichagua figili. Goti zima kabisa. Aliponiona akachutama nyuma ya rundo la kabichi. Kabichi za mwaka huu ni ndogo.

Tangazo halijajibiwa. Mama Eunbi kabandika bei ya mayai juu ya neno "mstaarabu".

Nilikaa barazani tangu asubuhi, kete nimezipanga pande zote mbili. Saa kumi nikazirudisha sandukuni. Nyumbani ni mimi na redio, na redio haisubiri nimalize sentensi.

Jumatano, 16 Oktoba

Amepatikana! Jina lake Tak Jongman, fundi mitambo wa feri, mstaafu, kahamia juzi nyuma ya kinu cha mpunga. Anapanga kete bila kuzitazama. Mchezaji huyo!

Nilipiga picha za vitambulisho miaka thelathini na minne. Umri wa mtu nausoma kwenye masikio. Masikio ya Tak ni madogo kwangu kwa miaka miwili.

Akauliza nimezaliwa mwaka gani. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu, na mimi ni wa Kondoo. Lakini mtu huweka akiba: nikasema Farasi, mwaka mmoja nyuma. Akamenya yai lake polepole, akasema yeye ni wa Nyoka, mmoja nyuma ya Farasi.

Uongo mtupu! Nikamweleza kwamba zamani zile watoto walichelewa kuandikishwa, wazazi wakingoja waone kama mtu ataishi. Kitambulisho kinasema Farasi, ila kwa kweli mimi ni wa Joka, mmoja nyuma ya Nyoka. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kumbe naye alichelewa kuandikishwa. Joka vilevile. Mwezi wa pili.

Mimi mwezi wa kumi. Tukatazamana mpaka duka likafungwa. Kete zimepangwa, hazijaguswa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekwenda na fimbo ya marehemu baba. Kukohoa nilianzia kule kwenye kona. Nikamkuta Tak kaja bila meno ya bandia. Huyu si wa kuchezewa.

Mwaka wa Sungura, ulio nyuma ya Joka, nikauruka. Kuna mtu wa kwetu anaukalia. Nikatua Simbamarara. Tak akatua Ng'ombe, mmoja nyuma zaidi. Nikafumba macho, nikasema Panya, mmoja nyuma ya Ng'ombe.

Tak akainuka, akainama hadi kiunoni, akanisogezea kete nyekundu kwa mikono miwili. Nilikaribia kulia.

Ndipo Mama Eunbi, aliyekuwa mlangoni akihesabu vidole, akasema mtu wa Panya mwaka huu ana sabini na saba kwa hesabu ya kwetu, na sabini na saba haipiti hivihivi. Akauondoa ubao ili apate pa kupigia hesabu ya mikate ya mchele. Karamu Jumamosi. Mchezo baada ya supu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Majirani wananiinamia. Kwa kinyozi nimepishwa foleni. Tak kanivusha barabara kwa kunishika kiwiko. Nimejizoeza mbele ya kioo uso wa mtu anayeshinda bila kushangaa.

Mama Eunbi hununua samaki wakavu kwa dada yangu kule kisiwani, na namba yake ya simu anayo. Nilikumbuka hilo saa tano. Saa sita nikalisahau, makusudi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Supu ya mwani ilikuwa nzuri. Nilifika kijiko cha tatu.

Dada Sunrye alishuka kwenye basi na furushi la samaki na uso wa mahakama. Yeye ni wa Sungura, mtoto wa kwanza. Akauliza, mbele ya watu wote, ni lini mdogo wake alimpita umri. Nikaanza habari ya kuchelewa kuandikishwa.

"We mtoto," akasema, wala hakupaza sauti, "baba na mama wameoana mwaka wa Simbamarara. Wewe unasema wa Panya, miaka miwili kabla. Sasa unawaambia watu nini kuhusu mama?"

Nilitazama samaki. Mama Eunbi akafunika sufuria.

Tak akarudisha meno yake kinywani na kusema yeye ni wa Kuku. Miaka miwili kamili chini yangu! Masikio hayasemi uongo. Nikataka kulitangaza hilo, lakini akaniwahi.

"Kaka Pyo, ungesema Kondoo tangu Jumatano, nyekundu ni yako. Saa hizi tungeshacheza michezo thelathini."

Dada akavua viatu, akapanda barazani. "Haya, nani mkubwa hapa?"

Akakaa upande wa nyekundu. Tak akakaa upande wa kijani, anacheka kama mtu aliyerudishiwa ujana. Wamecheza minne. Nilipoonyesha jinsi ya kumwokoa farasi wa Tak, dada akanipiga kofi mkononi. Mtazamaji hafundishi. Nayo ni kanuni.

Jumapili, 20 Oktoba

Dada kaahirisha kurudi kisiwani mpaka baridi iingie. Leo wamecheza tisa. Bwana Ma naye katokea, bila goti, akaomba zamu. Kapewa. Siku akicheza na Tak, nyekundu ni yake.

Nimeitafakari wiki hii kwa unyofu, na kosa langu nimeliona: nilipitiliza. Ng'ambo ya daraja kuna baraza nyingine, na huko dada yangu hajulikani. Kesho nakwenda na fimbo. Safari hii kwa kiasi. Nitasema Ng'ombe.

Tangu Jumatatu sijasogeza kete hata moja.