Kinanda cha Kasri la Wafu

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wetu wa kwaya amehamishiwa Mbeya. Kiti kiko wazi! Baba Paroko ametangaza kwamba mimi na Pankrasi kila mmoja alete wimbo mpya wa matoleo Jumapili. Atakayewagusa waumini ndiye atakayekuwa mwalimu. Pankrasi! Mtu ametunga nyimbo kumi na zote ni wimbo mmoja. Mimi miaka sita napiga kinanda nyuma ya nguzo, hata kwenye harusi hawanipigi picha. Zamu yangu imefika. Tatizo dogo: sina wimbo. Wa mwisho niliotunga, watu walidai waliusikia kwenye tangazo la sabuni.

Jumanne, 4 Juni

Nilikwenda Lizaboni kutengeneza spika. Nikiwa nasubiri fundi, nikasikia kinanda kinanguruma, besi nzito, watu wanaimba kitu kama Kilatini. Nywele zikanisimama. Misa ya Askofu kabisa! Nikafuata sauti. Hakuna Askofu. Ni banda la gemu la Daimu. Akanieleza kuwa huo ni muziki wa gemu ya kutisha: kasri la kale, wafu wanatembea, na malkia wa humo anakunywa damu za watu. Nikamwambia muziki hauna dhambi. Akaniwekea kwenye flashi. Huko kwetu Mjimwema nani atajua? Waimbaji wangu wote ni watu wa wajukuu.

Jumatano, 5 Juni

Nimesikiliza kutwa nzima. Nimekuwa mhakiki. Uzuri wake: besi inaingia mapema na haina haraka, fidla zinalia, kwaya inapanda mpaka unataka kutubu. Aliyeutunga kasoma! Udhaifu: kila ukianza kufurahia, mlango unakwaruza, au mtu anahema sikioni. Halafu kuna mwanamke anacheka. Milango nimeifuta. Kicheko kimenishinda, kimefumwa ndani ya wimbo wenyewe, ukikitoa panabaki shimo. Nimewapa sauti ya pili wakiimbe kama aleluya.

Udhaifu mkubwa kuliko wote: hauna mwisho. Unafika juu kabisa, unarudi ulikoanzia. Nikampigia Daimu kumuuliza unaishaje. Akasema unaisha ukimuua malkia, au malkia akikuua wewe. Msaada mdogo sana kwa mtunzi.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Baridi kali, sauti ya kwanza wote wamejifunika vitenge mpaka midomo. Niliwaambia wimbo ulinijia nikiwa katika mfungo. Mama Kunegunda, mwenyekiti wetu, akasema ni mzuri sana, ila akiuimba anahisi kuna mtu nyuma yake. Nikamwamkia upya kwa heshima, nikamwambia huo ni uchaji wa Mungu. Akaridhika. Pankrasi alisimama mlangoni akasema kuna kitu hakielewi kwenye huo wimbo. Wivu! Kuhusu mwisho, nimewaagiza wautazame mkono wangu wa kushoto. Nikiushusha, wanyamaze.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Matoleo. Akina mama wanakuja na mahindi, mananasi, na jogoo mmoja amefungwa miguu. Napiga. Besi inaingia. Kanisa zima kimya, wanaguswa! Pankrasi amekunja uso. Nimeshinda!

Kumbe watoto. Kumbe kila mtoto wa Lizaboni na Mjimwema anamalizia hela ya maandazi kwa Daimu. Na kwenye gemu, muziki huu hupigwa pale tu malkia anapokuwa mgongoni kwako. Hapo unakimbia, hugeuki. Watumikiaji wa altareni wakaangaliana. Mmoja akapiga ukelele, "Yuko nyuma!" Nyuma yake alikuwa Baba Paroko. Wakaruka ngazi na kanzu zao, chetezo kikabaki sakafuni kinafuka. Watoto wa viti vya mbele wakaingia chini ya mabenchi. Wengine wakatokea mlango wa pembeni, mama zao nyuma wakiwaita kwa majina ya ubatizo. Jogoo akaangushwa. Kamba ikafunguka.

Mimi ningeacha! Lakini mkono wa kushoto ulikuwa juu, nasubiri mahali pazuri pa kuushusha, na mahali hapo hapakuwepo. Tukazunguka tena na tena. Sauti ya pili, kwa utii wao, wakacheka aleluya zao zote.

Baada ya misa Baba Paroko akaniuliza wimbo nimeutoa wapi. Nikasema umetoka kwa roho. Akauliza roho gani. Ualimu kapewa Pankrasi, ambaye wimbo wake wala haukuimbwa. Muda uliisha watu wakimtafuta jogoo. Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelia kidogo, nimekula, nimefikiri. Muziki wa gemu hauna kosa. Kosa ni chumba nilichochagua! Daimu amenionyesha kuwa ndani ya kasri lile kipo chumba cha kupumzikia: mshumaa, kinanda kidogo kinapigwa polepole, malkia haingii. Nimewajaribu watoto watatu pale bandani. Wametulia, mmoja kasinzia. Huu ndio wenyewe! Jumamosi Judica, binti wa hapa parokiani, anaolewa, Pankrasi hana wimbo wa kumwingizia bibi harusi, na Mama Kunegunda amekubali nisaidie mara hii moja tu. Nikifaulu, nani atamkumbuka Pankrasi? Huu nao hauna mwisho, lakini sasa mimi ni mzoefu. Nitaukata katikati, bibi harusi akishafika altareni. Daimu alianza kunieleza kinachotokea mle chumbani muziki ukikatika, lakini nilikuwa nimeshapanda bodaboda.