Joho la Shemasi kwa Vipimo Vyangu

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka na wiki haijaanza. Jana mchungaji alihubiri saa moja na nusu juu ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, bila kubakiza. Kisha akatangaza kwamba Jumapili ijayo atamtaja shemasi mpya, na kwamba hataangalia elimu wala sauti, ataangalia upendo huo. Nikakaa wima. Miaka kumi na tisa nakalia benchi la nyuma, karibu na ndoo ya kudekia. Marehemu baba alikuwa shemasi. Akiingia, watu walikuwa wakisimama. Mimi nikiingia, watu hukunja miguu nipite. Nataka wasimame kwa ajili yangu mara moja tu kabla sijafa.

Joho nimepewa mimi nishone. Vipimo vitaletwa Jumamosi. Ya nini kupoteza muda? Nimeshakata, kwa vipimo vyangu.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna anayejua jinsi ninavyompenda Mungu. Tatizo ndilo hilo. Nimechukua suruali yangu ya kahawia, nikasugua magoti kwa jiwe la kunolea mkasi mpaka yakachakaa, ionekane ni ya mtu wa sala. Saa mbili nzima! Kusali kungekuwa rahisi zaidi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi viatu wa banda la pili, alichungulia akauliza nafanya nini. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema haya, akarudi kwenye soli zake na kuendelea kuimba. Anaimba vibaya. Lakini mchungaji humwita yeye “ndugu yangu.” Mimi huniita “fundi.”

Jumatano, 6 Machi
Nimepita mbele ya nyumba ya mchungaji mara nne na suruali ile. Mara ya nne mama mchungaji akatoka. Alitazama magoti yangu, machozi yakamlengalenga. Nikajua mambo yameiva. Akaingia ndani, akarudi na suruali mbili kuukuu za mumewe, zimekunjwa vizuri. Akaniambia nisione haya, kila mtu hupitia shida.

Fundi cherehani wa miaka thelathini kazini, ninavishwa kwa huruma. Mke wangu amecheka mpaka amekaa chini. Na suruali zenyewe ni fupi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefunga. Wateja wote nimewaarifu. Kufika saa sita nilikuwa nimeshona mfuko wa koti la watu ukazibika kabisa. Shemeji akaniletea chai na mkate. Nikakataa kwa sauti, ili barabara isikie. Yeye akaviacha tu juu ya meza, akaondoka.

Nikaingia nyuma ya pazia wanapojaribia nguo. Mwenyekiti wa kwaya akaja kujaribu gauni lake, akavuta pazia. Mkate wote ulikuwa mdomoni. Hata kumsalimu sikuweza.

Ijumaa, 8 Machi
Alfajiri nimekwenda kanisani nipige magoti karibu na dirisha ambalo mchungaji hulipita. Nikamkuta shemeji keshapiga magoti! Moyo ukanilipuka. Kumbe anasugua sakafu. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu mzee aliyekuwa akifagia alipofariki, mwaka wa tatu sasa, kila Ijumaa. Nikauliza nani anajua. Akafikiri, akasema labda ndoo. Halafu akaniomba nimsaidie kunyanyua mabenchi. Ishirini na mawili. Mchungaji hakupita, amesafiri.

Shemeji alipotoka kumwaga maji nilikaa chini, mgongo unauma, nikamwambia Mungu nimechoka. Hilo tu. Sikupanga maneno. Nikajisikia vizuri ajabu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Pengine ndiyo sala yangu ya kweli ya mwaka huu. Nasikitika hakuna aliyeiona.

Jumamosi, 9 Machi
Vipimo vimeletwa kwenye karatasi. Kifua inchi thelathini na nne. Mimi ni arobaini na sita. Maskini mchungaji, hajui kushika futi. Karatasi nimeitupa, joho nimelipiga pasi.

Jumapili, 10 Machi
Nimekalia benchi la mbele. Mchungaji akamwita shemeji.

Mwembamba yule, joho likammeza. Mikono haikuonekana, pindo likafagia sakafu aliyoisugua mwenyewe. Watu wakaanza kucheka. Mchungaji akanitazama, na mimi nikatazama dari. Shemeji akakunja mikono ya joho taratibu, akasema anamshukuru fundi, amemwachia nafasi ya kukua. Kanisa zima likasimama kumpigia makofi. Na mimi nikasimama. Iliniuma, siwezi kuficha.

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji ameleta joho nilipunguze. Ameleta na viatu vyangu, kumbe alivichukua kwa dada yake, amevitia soli mpya bila kuombwa. Mke wangu akasema hayo ndiyo mahubiri ya wiki iliyopita, yamekuja na miguu, na safari hii nisikilize. Nikamwambia nimesikia. Akasema basi kata kitambaa chote kilichozidi, kazi iishe.

Nimepunguza vizuri. Kifua thelathini na nne kamili. Ila sikukata. Kilichozidi nimekikunja kwa ndani, nimeshika kwa uzi wa kupiga bandi, unaofumuka kwa kuvuta mara moja. Ushemasi ni wa miaka mitatu tu.