Mnyenyekevu Kuliko Valary

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari kubwa! Mama Zilpah, mwenye kiwanda chetu cha siagi ya njugu hapa Kosele, anastaafu. Mkurugenzi mpya atakuwa mmoja wetu wawili: ama mimi Nicanor wa mauzo, ama Valary wa uzalishaji. Mama amesema hatatazama vyeti, atatazama moyo. Moyo ninao. Kazi ni kuuonyesha.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaita wafanyakazi wote uwanjani, nikawahutubia kuhusu uadilifu. Nimesema vizuri mpaka nikajipigia makofi. Kumbe ndani njugu zinaungua, aliyetakiwa kuzigeuza alikuwa ananisikiliza! Nikapendekeza tubandike lebo ya "Ladha ya Moshi" tuziuze. Valary akaenda kumweleza Mama kila kitu. Tena akasema kosa ni lake pia, aliacha mashine bila mtu. Nani huomba msamaha kabla ya kubanwa? Mama akaagiza zimwagwe zote. Akaniambia kwa upole kwamba mkubwa akidanganya mara moja, kiwanda kizima kitamwiga, na kwamba anataka mtu mkweli na mnyenyekevu.

Ukweli una kazi nyingi. Nimechagua unyenyekevu.

Alhamisi, 12 Juni

Wakulima wameleta njugu. Wamepita mlango wangu, moja kwa moja kwa Valary. Yeye huketi nao juu ya magunia, anajua mtoto wa nani anaumwa. Ndiyo maana sisi huletewa njugu safi, na wanunuzi wengine huachiwa zenye mchanga. Ujanja mtupu! Nami nimeketi juu ya gunia. Suruali imechanika.

Jumamosi, 14 Juni

Mazishi ya Mzee Oyaro, mkulima wetu wa Lambwe. Mama Zilpah alikuwepo. Nafasi ndiyo hiyo! Nikakataa kiti katika hema la wageni, kwa sauti ya kutosha. Nikakunja mikono ya shati, nikaingia jikoni kwa akina mama wa kanisa, nikadai mwiko nisonge ugali.

Mama mmoja akageuka. Uwi! Maro! Mama mkwe wangu mwenyewe! Damaris, mke wangu, anadai aliniambia kwamba mama yake angekuja kupika. Labda. Wakati huo nilikuwa mbele ya kioo, najifunza kutabasamu kinyenyekevu. Kwetu mkwe na mama mkwe hukwepana kwa heshima, nami mkwe mzima, jikoni, ana kwa ana naye, mwiko mkononi! Maro alijifunika uso kwa leso, akatoka mbio, akaacha kiatu kimoja. Wazee wakanitoa kwa kunishika kiwiko. Mama Zilpah aliziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Nadhani alikuwa analia.

Jumatatu, 16 Juni

Ni Valary. Nimeumia, sifichi. Wafanyakazi walipiga vigelegele mpaka mashine haikusikika. Hata mimi nilipiga makofi, sijui kwa nini.

Kazi yake ya kwanza kama mkurugenzi: ametoa mbuzi kwao nyumbani, nimpeleke kwa wakwe zangu Kendu Bay kuondoa aibu. Atanisindikiza yeye mwenyewe. Kidogo nilie. Mama Zilpah akanishika bega. "Nyathina, mwanangu, enda tu pole pole. Bila kelele."

Maneno hayo yameniingia kabisa. Kwa hiyo nimeita mpiga picha mmoja tu, na nimemwomba Valary asimame nyuma ya mbuzi, asinizibe.