Malkia wa Uzazi Aonjwa Izigo

Damian wa Kashai, mjini Bukoba, aliposikia kwamba akina mama kumi na wawili wa kijiji cha Izigo hukutana kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, hakufikiria kwaya. Alifikiria matumbo kumi na mawili. Kwa siku mbili alichemsha shubiri na tangawizi katika chumba chake cha kupanga, akajaza chupa, akabandika karatasi: "Malkia wa Uzazi. Husafisha kizazi. Haina madhara." Shubiri, ambayo huharisha, aliizidisha makusudi. Mteja asiposikia kitu tumboni hudhani ametapeliwa, na Damian hakupenda kudhaniwa vibaya.

Huko Izigo alihubiri vizuri. Hedhi ingenyooka, uvimbe ungeyeyuka, hata wajukuu ambao hawajazaliwa wangenufaika. Chupa zikagawiwa. Joanitha, mwenye mimba ya miezi minne baada ya kupoteza mbili, akauliza kama naye anywe.

"Wewe hasa," alisema Damian. "Ni majani tu. Majani yamemdhuru nani?"

Joanitha akafungua chupa. Alistidia, mkunga mstaafu, akamshika mkono taratibu, kisha akamgeukia mgeni.

"Mwanangu, wewe ni Mhaya?"

"Wa kuzaliwa, mama."

"Basi onja. Hata pombe ya rubisi ya jirani hatuinywi kabla mwenyewe hajaonja."

Hapo Mhaya hakatai. Anayekataa amekiri sumu. Damian akaonja, akatabasamu. Alistidia akamshukuru, akaeleza kwa upole kwamba chupa moja haiwezi kuzitolea ushahidi nyingine. Kila mama akasogeza yake, na ikakubalika bila kura kwamba kuonja ni kikombe kizima cha chai.

Kikombe cha saba kiliingia kwa taabu. Cha nane hakikuingia. Damian aliacha hotuba katikati ya neno "asilia", akakimbilia choo cha mgombani.

Alistidia alimfuata, akasimama nje ya mlango.

"Umeweka nini humu, mwanangu?"

"Shubiri."

"Nyingi?"

Jibu lilisikika, ila halikuwa la maneno.

"Na mjamzito?"

"Asinywe, waitu mama. Asinywe hata tone."

"Rudia. Joanitha hajasikia."

Joanitha alikuwa amesikia, na chupa yake alikwisha kuimwaga. Lakini hakuna aliyemwambia Damian, naye aliendelea kurudia, kwa vituo, mpaka jioni.